Alasiri Isiyokuchwa

Matokeo yalisomwa alasiri, na kwa Siwema alasiri hiyo haikwisha.

Usicheke. Najua jua ni moja na halina kadi ya chama. Lakini katika mji huu, ambao jina lake silitaji kwa sababu kila nikilitaja hujibadilisha, mambo yalikuwa hivyo. Sauti ya redioni ilisema chama cha Mchi kimeshinda na cha Kinu kimeshindwa, ikalitakia taifa jioni njema, na waliochagua Mchi wakaipata jioni yao. Jua likawazamia, wakala, wakalala, wakaamka wakaendelea na maisha. Waliochagua Kinu wakabaki palepale walipokuwa wamekaa, jua limesimama juu ya paa la posta, vivuli vimelala upande mmoja havisogei, na chai waliyoishika mkononi inafuka moshi tu, haipoi wala haiishi.

Siwema alikuwa barazani kwa mama yake. Huyu Siwema ni msuka mikeka, mwanamke mtu mzima, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi. Mume wake wa kwanza aliondoka kwa sababu ya huo ulimi, na wa pili hakupatikana kwa sababu hiyo hiyo. Siku ile aliamka na furaha ya kijinga. Aliosha ndoo zote za nyumbani akazipanga foleni chini ya bomba la mtaa, bomba lililokauka tangu yeye hajavunja ungo, kwa maana Kinu kiliahidi maji. Watu walimwambia, mama wee, si usubiri kwanza matokeo yatoke. Akawajibu kwamba maji yatatoka kabla ya magharibi, na wao wasiotandika ndoo wasije kumwazima. Kidole chake kilikuwa na wino wa kura, na kila aliyepita alionyeshwa hicho kidole, atake asitake.

Sasa ndoo zilikuwa zimejipanga palepale, midomo wazi, plastiki imeanza kupauka. Magharibi yenyewe haikuwa imefika. Hakuna aliyethubutu kwenda kuziondoa, na Siwema mwenyewe alikwepa kutazama upande ule.

Mama yake, Bi Kidawa, alichagua Mchi, wala hakuficha. Alizaliwa akaukuta Mchi, alisema, na atakufa auache. Alipoulizwa na bintiye ni jema gani la Mchi alilowahi kulitia mdomoni, alijibu kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Siwema akamwambia, lakini linakula, mama. Walicheka wote wawili siku hiyo, kwa sababu ilikuwa kabla ya matokeo, na kabla ya matokeo watu wa nyumba moja waliweza kuchekana. Baada ya redio kunyamaza, Bi Kidawa alimtazama mwanawe, akatazama jua, akataka kusema neno, akaliacha. Kisha jioni ikamjia akaingia ndani kupika.

Tangu hapo nyumba moja ikawa na saa mbili. Ndani, siku za Bi Kidawa zilipita kama siku zipitavyo. Nje, barazani, ilikuwa alasiri ile ile. Pa kukutana palikuwa mahali pamoja tu: kila siku ya Bi Kidawa ilipofika alasiri yake, alitoka na kigoda chake akaketi kizingitini, na hapo mama na mwana wakawa katika saa moja, karibu kiasi cha kugusana magoti. Jua la mama likishuka, umbo lake lilififia, likaingia ndani na kigoda chake. Kwake yeye ilikuwa imepita siku nzima hadi kurudi tena. Kwa Siwema ilikuwa kufumba na kufumbua. Mama anatoka, mama anaingia. Anatoka, anaingia. Na kila akitoka ana mvi zilizoongezeka, halafu ana mkongojo, halafu jino la mbele halipo, halafu jicho moja lina ukungu. Chai ya Siwema ilikuwa bado ya moto.

Aliona. Msidhani hakuona. Kila mlango ulipolia na mama akakaa, alimkagua harakaharaka, kama mtu akaguaye mtoto aliyeanguka, kujua kimevunjika nini tangu dakika iliyopita. Alitaka kusema. Lakini katika nyumba ile alasiri ina adabu yake, aliyoiweka marehemu baba: mtu akitoka barazani, mdogo humuuliza mkubwa, umeshindaje? Mdogo ndiye huanza. Mkubwa akishajibu naye huuliza, na mazungumzo yakafunguka. Bila hilo hakuna la kusemwa, hata kama paa linaungua. Na hilo ndilo ambalo Siwema hakuweza kulitoa kinywani. Amuulize mtu wa Mchi, siku ya leo, umeshindaje? Si angejibiwa, nimeshinda? Na jibu lingekuwa la kweli, mara mbili.

Bi Kidawa naye alingoja. Mkubwa haanzi. Halafu alikuwa mkaidi. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na huyu mtoto hakuokotwa. Basi walikaa goti kwa goti, kimya, kimoja kinazeeka na kingine hakizeeki.

Neno lenyewe ndilo lenye matata. Waliotuachia lugha hii walikuwa na maneno ya kumwaga. Shambani wakasema mpunga, guniani wakasema mchele, sahanini wakasema wali, mtu asije akakosea akatafuna makapi. Lakini walipofika kwenye kumbwaga mwenzio na kwenye kuifikisha siku yako jioni, wakatutupia neno moja, kushinda, wakaenda zao. Anayenyakua kiti ameshinda. Mgonjwa anayegeuzwa ubavu huu na ule kutwa nzima naye ameshinda, ameshinda kitandani. Walikuwa wavivu? Siwema aliliwaza hilo, maana mtu aliye ndani ya alasiri isiyokwisha ana nafasi ya kuwaza. Au walijua jambo wasilotaka kutueleza: kwamba mtu kutoka asubuhi akafika jioni akiwa bado mtu, huo ndio ushindi, na ule wa ngoma na vipaza sauti umeazima jina tu? Lakini kama ni hivyo, mbona mwazimaji amekaa kitini na mwenye jina amesimama juani? Na siku je, ni ya nani? Mtu huishinda siku, au siku humshinda mtu ikamwacha kando ya njia kama ndoo tupu? Alizunguka na mawazo hayo hadi kichwa kikamuuma, na kuumwa kichwa nako hakukwisha, kwa sababu hakuna lililokwisha.

*

Kisha wakaanza kupita Wasalimu.

Hao walikuwa watu wa dola mpya, ambayo ilikuwa dola ile ile ya zamani, ila imevaa koti jipya. Walipita mtaa kwa mtaa na vipaza sauti, mahali popote penye alasiri iliyoganda, wakiuliza kwa upole kabisa: mmeshindaje? Aliyejibu kwamba ameshindwa, jua lilishuka juu yake papo hapo. Akapewa jioni yake, akaenda kulala. Aliyejibu kwamba ameshinda aliulizwa nani kamwambia ameshinda, ilhali redio ilisema vingine. Kujitangaza mshindi ni kosa. Huyo alipakiwa garini. Aliyekaa kimya aliachwa na jua lake, na Wasalimu wakaahidi kurudi.

Jirani wa mkono wa kulia, mwalimu mstaafu aliyekuwa akisahihisha hata mabango ya kampeni, alikuwa wa kwanza mtaani kusema nimeshindwa. Kivuli chake kilirefuka mara moja, giza likamfunika vizuri kama shuka, akashukuru. Lakini neno lile halikumwacha tena. Akiitwa kula alijibu nimeshindwa. Akiulizwa njia alijibu nimeshindwa. Siwema alimsikia ukutani, sauti nzuri ya darasani, ikikiri kwa mkewe, kwa kuku, kwa mlango uliokuwa mgumu kufunguka.

Na mwone sasa huyu Msalimu wa mtaa wao. Kombo, mwana wa mtaa huo huo, aliyesoma dawati moja na Siwema, aliyepiga ngoma ya Kinu kampeni nzima hadi viganja vikavimba. Leo amevaa koti linalomfika magotini. Alipofika barazani hakumtazama usoni. Alitazama kikombe cha chai, akauliza kwa kipaza sauti, ingawa walikuwa hatua moja tu mbali, umeshindaje, Siwema? Siwema akamwambia kwamba jina la Kombo si bure, kwamba kilichopinda kimepinda, na kwamba ateremshe hilo bomba la sauti wasikilizane kama binadamu. Kombo akaliteremsha. Alionekana kuchoka.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," alisema.

"Mimi sikuwa mshindani, Kombo. Mimi nilitaka maji."

Kombo alitazama ndoo kule chini ya bomba. Akasema wengi wape, Siwema, na usipowapa watachukua wenyewe. Akasema yeye ana watoto. Akasema neno ni upepo, mtu hulitoa akabaki na mwili wake, na usiku ni mtamu, huwezi kujua utamu wake hadi ukose. Halafu, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya kazi, akamwambia amtazame mama yake.

Kombo akasema atapita tena, akaenda zake. Na ndipo Siwema alipogundua kwamba chai imemwagika gotini, na imemuunguza, na kikombe kimejaa tena.

*

Nilisimama foleni, Siwema alijiwazia. Nilisimama, watu waliniona. Jua lile lilikuwa la asubuhi, lilikuwa linakwenda. Nilikunja karatasi nikaitumbukiza kwa mkono huu huu. Iko wapi karatasi yangu?

Kama ilihesabiwa, mimi ni mmoja wa walioshindwa. Kama haikuhesabiwa, mimi si mmoja wa wowote. Afadhali lipi? Kuwapo ukashindwa, au kutokuwapo kabisa?

Wino upo. Nimeusugua kwa ndimu, nimeusugua kwa mchanga, upo. Basi kidole kilikuwapo. Kidole kilishiriki. Mwenye kidole je?

Ukilala kinuni usishangae kutwangwa, ndivyo walivyotuimbia. Lakini sisi hatukulala kinuni. Sisi ndio nafaka. Nafaka huulizwa lini?

Mama ametoka. Mama ameingia. Nywele nyeupe zote sasa.

Mwambie, Siwema. Neno moja tu. Mwambie.

*

Mlango haukulia.

Siwema alizoea mlango ule kulia kama mtu alivyozoea pumzi yake: anatoka, anaingia. Sasa kizingiti kilikuwa kitupu na kikabaki kitupu. Kigoda hakikutoka. Alingoja kidogo, akajiambia labda mama amekwenda msibani, labda ana wageni, labda leo hajisikii vizuri. Lakini kila pumzi ya Siwema ilikuwa siku ya mama, na zilikuwa zimeshapita pumzi nyingi. Alisimama. Kikombe kikamponyoka, kikavunjika, na vigae vikakaa mbalimbali bila kutulia, vikicheza sakafuni.

Akaita. Hakuitikiwa. Ndani ya mlango palikuwa na giza la jioni ya mama, na harufu ya ubani iliyochanganyika na kitu kilichochacha. Aliinua mguu kuvuka kizingiti, akaushusha, akajikuta ameushusha palepale barazani. Akaruka. Akatua barazani. Akapita dirishani kama mwizi, akaangukia barazani kwa mikono na magoti. Mwenye alasiri haingii jioni. Hapo ndipo hofu ilipomshika hasa, hofu ambayo kura na redio na Wasalimu hawakuwa wamempa. Akilini alimwona mama kitandani, peke yake, midomo imekauka, akimngoja mtoto aanze, kwa sababu mdogo ndiye huanza.

Kombo alikuwa ameshasimama nyuma yake. Hakuwa na haja ya kuuliza kulikoni. Alisema, sema tu neno, Siwema, mlango utafunguka, mimi sitakucheka. Na kwa kweli hakuwa na uso wa kucheka.

Basi Siwema akafungua kinywa kulisema. Nataka mlijue hilo, msije mkamfanya shujaa akiwa hayupo. Kwa ajili ya mama angesema ameshindwa, angesema na zaidi ya hapo. Ulimi ulishafika kwenye silabi ya kwanza, ile ni-, ulimi wake huo huo ulioua ndoa, na ikamtoka kweli, "Ni..." Kombo akasogeza kipaza sauti ili dola isikie.

Tofauti ya kukiri na kujulia hali huanzia kwenye silabi hiyo ya mwanzo. Ni- hujitazama mwenyewe. U- humtazama mwenzio. Na kusalimu nako kuna mbili: kuna kusalimu mtu, na kuna kusalimu amri, na wale wenye makoti marefu walizichanganya makusudi ili tusiweze tena kupeana moja bila kutoa nyingine. Sidhani kama Siwema aliyafikiri haya pale. Alikuwa anatazama kizingiti, alama ya miguu ya kigoda iliyochimbika pale sementi ilipolika, na tangu utotoni kizingiti kile kilikuwa na neno lake. Akampa Kombo mgongo.

"Umeshindaje, mama?"

Mtaa mzima ulitega sikio. Hata mwalimu aliacha kukiri.

Halafu kutoka ndani, mbali, kwa sauti iliyokuwa imebaki uzi tu: "Nimeshinda na njaa, mwanangu. Si nakungoja wewe tule."

Kombo alisikia nimeshinda, akainua kipaza sauti, maana kosa limeshatendeka. Halafu akasikia sehemu iliyobaki. Huyu ni mama wa Mchi, tena wa Mchi wa kuzaliwa nao, na ameshinda na njaa. Sasa atamshtaki kwa lipi? Ameshinda, dola imesema hivyo. Na njaa, tumbo limesema hivyo. Alisimama na kile kipaza sauti mdomoni, na kwa kuwa hakukizima, mtaa mzima ulisikia tumbo lake likinguruma.

"Wewe umeshindaje?" mama akauliza, kama adabu inavyotaka.

Siwema alikuwa analia wakati huo, hakuona haya.

"Na mimi hivyohivyo, mama. Nimeshinda na njaa."

Jua likashuka. Halikushuka kwa kishindo. Lilikwenda nyuma ya paa la posta kama lilikuwa limezuiwa na mlango tu, na upepo wa jioni ukaingia mtaani, ukaziangusha ndoo mojamoja kule chini ya bomba. Siwema aliinua mguu, akaushusha ndani.

*

Ndani palikuwa na miaka. Vumbi, ukuta uliopasuka, kanga asizozijua zimetundikwa kambani. Juu ya mkeka aliousuka mwenyewe, sasa umechakaa kingo, palikuwa na kawa, na chini ya kawa sahani mbili za ugali na dagaa, hazijaguswa. Kila jioni Bi Kidawa alipakua sahani mbili, akazifunika, akangoja. Baadaye usiku alikula matonge mawili matatu ya kumwezesha kuamka kesho akapakue tena. Na siku hizi za mwisho, hata hayo alikuwa ameyaacha.

Alikuwa kitandani, mdogo, mwepesi. Siwema alimwinua akamwegemeza kifuani, akashangaa jinsi mtu mzima anavyoweza kupungua. Alitaka kumpa maji kwanza. Mtungi ulikuwa na kidogo chini, ya kununua, yana chumvi. Akamnywesha kwa kiganja. Kisha akamega tonge, akalilainisha kwa mchuzi, akamtia mdomoni. Nje giza lilikuwa limeingia, na Siwema alikuwa akilisikia kila mara mgongoni, kama mtu aliyesahau giza lilivyo na hana hakika kama litaondoka. Kesho kungekuwa na alasiri nyingine. Kombo angerudi, yeye au mwingine mwenye koti, na safari hii wangekuwa wameshafikiria la kusema.

Bi Kidawa alitafuna taratibu, kwa upande wenye meno. Jicho lake lisilo na ukungu lilitua kwenye mkono wa bintiye, kwenye kidole chenye wino. Alikitazama kwa muda, akakunja paji la uso kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali.

"Kwani, mwanangu," aliuliza, "nani alishinda?"

Siwema aliitafuta ile hasira yake. Ilikuwapo palepale alipoiacha, bado ya moto. Aliishika kidogo, akaiweka kando isimuunguze mgonjwa, akamega tonge jingine.

"Hawajamaliza kuhesabu, mama," alisema. "Kula kwanza."